Bia ya Sufuria Moja

Wanywaji wa kaka yangu humwita binti yangu Kijiko. Walimpa jina hilo kumcheka, kwa sababu hachoti kitu kwa mkono. Chumvi kijiko, sabuni ya unga kijiko, hata dawa ya mende anaipima kwa kijiko. Alipomaliza shule alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, anayepika bia nyuma ya nyumba yake, na huko ameosha chupa mpaka vidole vikachunika. Sikupenda. Nilitaka ashone nguo. Lakini aliipenda ile harufu ya kimea kikichemka, na mtoto akishapenda kitu utamfanyaje?

Kaka yangu anapika bia ya aina moja tu, katika pipa lilelile. Hana kipimo. Akifika kwenye sukari anachota konzi, anamwaga, anasema tayari. Mkono wake ni kama koleo. Kwa pipa lile mkono ule haukosei, nakubali, hata sasa nilivyomkasirikia.

Siku moja Kijiko akamwambia anataka kujaribu bia nyingine, ya kimea kilichokaangwa kikawa cha kahawia, na maganda ya machungwa.

"Kwenye pipa langu? Likiharibika utalinywa wewe?"

"Nitapika sufuria moja tu, mjomba. Nitapunguza vipimo."

"Haya. Sufuria moja. Ikinyweka, pipa linalofuata ni lako. Isiponyweka, urudi kwenye chupa zako, na habari ya majaribio nisiisikie tena."

Sufuria yenyewe ilikuwa yangu, na jiko langu. Hakuna aliyeniuliza.

Mara ya kwanza aligawanya kila kitu sawasawa, kama alivyomwahidi mjomba, kisha akachemsha kwa muda uleule wa pipa. Nikakuta uji mweusi umeshika chini. Nilimfokea mpaka jirani akachungulia. Yeye anakwangua huku anacheka. "Mama, pipa likitoa mvuke wala halihisi. Sufuria ikichemka muda huohuo, inabaki tupu."

Mara ya pili alizidisha maji na kupunguza moto. Ilipopoa akaihamishia kwenye ndoo, akatia hamira, akaifunika kwa blanketi langu zuri, maana kitu kidogo hupoteza joto upesi. Mimi nikalala na shuka, natetemeka, nasikia ndoo inatokota kwa raha zake.

Ilipotulia akaanza kuitia chupani. Kila chupa iliwekewa sukari kidogo, kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, ili bia ipate povu. Katikati ya kazi vizibo vikaisha. Akafunga zilizojaa kwa vizibo vyeupe vya mwisho, akakimbilia dukani.

Hapo ndipo kaka akaingia. Hakubisha hodi. Akaiona ndoo, akauona mfuko wangu wa sukari, na kabla sijaweka sufuria chini akatumbukiza konzi nzima ndani ya ndoo.

"Kaka! Hiyo ni ndoo, si pipa!"

"Nilianza kupika bia kabla hujaolewa. Tulia."

Kijiko alirudi na vizibo vyekundu. Mjomba wake akamwambia, kwa furaha kabisa, "Sukari nimeshakuwekea, mwanangu."

Niliuona uso wa mtoto ukibadilika. "Mjomba, sukari ikizidi chupa zitapasuka."

"Unanifundisha?"

Ni mjomba, na ndiye mwenye pipa. Akazijaza akiwa amesimamiwa, akazifunga, akazisukuma chini ya meza na kuzifunika gunia. Nilimtazama kaka yangu akiondoka anapiga mluzi.

Tangu siku ile sikupita karibu na meza bila kujikinga uso. Chupa zilipasuka asubuhi moja, moja baada ya nyingine, nikiwa nachambua mchele. Kioo kiliruka mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kijiko alikuwa ametoka kuinama pale mezani kuchukua ufagio.

Kaka akaja kuonja kama walivyopatana, na fundi seremala na dereva mmoja wa lori nyuma yake. Akaona vigae vya chupa. "Si nilisema? Haya, Kijiko, chupa zinakusubiri."

Mtoto akainamisha kichwa. Mimi sikuweza.

"Kaka, tazama chini. Vilivyotapakaa ni vizibo vyekundu vitupu. Vyekundu vilikuja baada ya mkono wako. Vyeupe ni vya kijiko chake, na vyote vipo, vimetulia!"

"Mama, basi," Kijiko akanong'ona.

"Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Mwanangu nusura apoteze macho, wewe unaniambia heshima!"

Seremala akakohoa. "Mama Kijiko, hizo za kizibo cheupe zinanyweka, au tuendelee kugombana na kiu?"

Nikazileta. Seremala alikunywa akafumba macho. Dereva akaomba nyingine. Kaka alikunywa wa mwisho, akaitazama glasi kama inamdai, kisha akainyoosha iongezwe. Hakuomba radhi. "Pipa ni lako," akamwambia Kijiko. "Lakini sukari nitatia mimi. Pipa nalijua mimi."

"Ndiyo, mjomba."

Hiyo "ndiyo" ilinichoma kuliko kioo. Bia ya pipa la Kijiko ilipokuwa tayari kutiwa chupani, nilitangulia kwa kaka asubuhi, nikaliona gunia la sukari, nikalikalia.

"Dada, toka hapo."

"Sitoki."

"Kwa pipa mkono wangu haukosei, unajua."

"Najua. Lakini ulisema pipa ni lake."

Alizunguka, akafoka, akamwita mkewe anishawishi. Wifi akaniona nilivyokaa, akarudi ndani. Kijiko akaja na kijiko chake na bakuli kubwa, amekunja uso kwa aibu, ila mdomo unamcheza.

"Mama, inuka kidogo, nichote."

Nikainuka kidogo.