Bustani yakauka Igalamwezi, wakubwa wabishania ofisi ya mkuu wake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shamimu Abasi anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji kuelekea bustani ya mji mdogo wa Igalamwezi, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Tabora. Kabla ya adhuhuri atakuwa amekwenda kisimani mara tano.

Bustani ina bomba. Halijatoa tone tangu Juni, lilipopasuka.

“Fundi alishakuja, akasema ni kazi ya nusu saa,” anasema mama huyu wa miaka 52, mtunza bustani kwa miaka 19. “Anachotaka ni karatasi yenye mhuri tu.”

Mhuri upo. Umefungiwa stoo, pamoja na meza na kiti cha Mkuu wa Bustani na Burudani, Nestory Mhoja, aliyeajiriwa Mei. Havitolewi mpaka ijulikane ofisi yake itakuwa wapi, na baraza la mji limekaa vikao vitatu bila kukubaliana.

Wapo wanaotaka akae makao makuu, wengine uwanja wa mpira. Aliyetaja bustani alichekwa. “Mkuu wa idara hawezi kukaa jirani na choo cha umma,” alisema mwenyekiti, Masolwa Ngollo, na wenzake wakapiga meza. Choo hicho anakideki Shamimu kila siku. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Januari, watoto wa shule jirani walipanda pale miche 64 ya miti ya kivuli, kila mmoja na wake. Imebaki 27.

“Juzi Bertila wa darasa la tatu kaja kuangalia wake, kaukuta mkavu. Nikamwambia, jua kali mwanangu. Nimemdanganya mtoto kwa ajili ya uzembe wa watu wazima!” anasema, sauti ikimpanda.

Tukiongozana na Shamimu, tunamkuta Mhoja kwenye benchi la wageni, ukumbini makao makuu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Maji, mwanangu?”

“Mama, mimi hata pale bombani nakaa. Ila bila mhuri, sahihi yangu ni mchoro tu.”

Alhamisi baraza lilikaa tena, likala pilau, likaahirisha hadi Novemba. Wajumbe wanataka kwanza ziara ya mafunzo, wakaone miji mingine imemweka wapi mkuu wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini si ya hawa. Ngollo alimwambia Shamimu avumilie, Novemba mvua zitanyesha.

Mama huyu hataki tena kuvumilia.

“Jumatatu naing’oa miche iliyokufa, yote thelathini na saba. Kila mmoja una kibao cha jina la mtoto. Naipanga mlangoni makao makuu, na wenye miche nakuja nao. Mjumbe anayetaka kuingia ofisini atayasoma majina kwanza, wenyewe wakimtazama.”