Furukombe wa Bwana Macho Mawili

Nikimsikia furukombe, yule tai mla samaki, akilia juu ya ziwa, nafunga dirisha. Wajukuu hunicheka. Wacheke tu. Wageni husema ni sauti tamu ajabu, hunyamaza waisikie vizuri. Mimi damu hunichemka.

Nilizaliwa Igombe, ufukweni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mwanza mjini, enzi za Mwingereza. Baba yangu alikuwa fundi wa kutega ndege. Mwewe akizidi kubeba vifaranga vya watu, aliitwa baba. Alikuwa mtu wa majivuno, namsema kwa mapenzi: alijipaka mafuta hata siku ya kukata kuni.

Basi akatokea mzungu mmoja mwenye kamera ya ajabu, ina vioo viwili mbele, kimoja huku kingine huku, kama uso wa mtu. Tukamwita Bwana Macho Mawili. Alitaka furukombe aliye hai, na mtu wa kumshika. Baba akamnasa mmoja miambani: kichwa cheupe, mabawa ya kahawia, ananuka samaki, kucha ndefu kuliko vidole vyangu. Akamfunga miguu kwa kamba, kisha akavaa koti lake la pekee.

"Baba Kabula, huyo si kuku," mama alimwambia.

"Niache na mimi nionekane."

Bwana Macho Mawili akaiinamia mashine yake, akapunga mkono. "Karibu na uso." Baba akamsogeza ndege. "Karibu sana!" Akamleta mpaka shavuni, akatabasamu. Kamera ikalia, tak. Kabla mzungu hajainua kichwa, furukombe alishamdonoa baba jicho la kushoto.

Yale makelele sitayasimulia. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi, jicho halikupona. Bwana Macho Mawili alituachia kopo la sukari akaenda zake. Sukari, jamani! Mama aliimwaga yote uani.

Mvua zilipokwisha alirudi na kisanduku cha mbao chenye matundu mawili ya vioo ya kuchungulia, ndani kaweka picha mbili zinazofanana, bega kwa bega. Watu wakapanga foleni. Shangazi alipochungulia aliruka nyuma, mkono usoni: "Mama wee, ananijia!" Zamu yangu ilipofika nikamwona ndege katoka kabisa kwenye picha, mdomo wake uko hapa puani kwangu. Kando yake baba, uso wake wa mviringo, macho yote mawili mazima, ananichekea. Nilinyoosha mkono nimshike shavu, nikashika hewa.

Kisha mzungu akamwita baba mwenyewe. Baba alichungulia muda mrefu. Akafuta vioo kwa shati lake, akachungulia tena.

"Mbona mimi naona karatasi tu?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Macho Mawili naye alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mzee," alisema, "kichwa yake ngumu sana." Baba akacheka pamoja nao. Tangu siku ile likitokea jambo lolote geni kijijini, alijitoa mapema. "Waulizeni wenye akili. Mimi hata picha ilinishinda." Yule mtu wa majivuno!

Nilikuwa mama wa watoto nilipokuta kisanduku kama kile kwenye duka la Mhindi mmoja mjini. Nikachungulia, mnara wa kwenye picha ukasimama mbele yangu. Vumbi likaniingia, nikafumba jicho moja nilifikiche. Mnara ukalala, ukawa karatasi. Nikafumbua, ukasimama. Nikafumba, ukalala. Nikaketi juu ya gunia la mchele.

"Hiyo inataka macho mawili, mama," mwenye duka aliniambia. "Kwa jicho moja huoni kitu. Kila mwenye nayo anajua."

Kumbe yule mtu alijua. Ndiyo kazi iliyomlisha, angekosaje kujua? Alijua, alimwona baba ana jicho moja, na bado akamwita mbele ya watu, akamcheka. Na baba tulikuwa tumeshamzika, mwaka mmoja kabla, akiamini mpaka pumzi ya mwisho kwamba yeye ni mjinga.