Siku Tuliyoshusha Vitanda vya Maofisa

Mwanangu, ile picha uliyonitumia asubuhi, ya majirani zako wa mtaa wa Hillbrow wamesimama na mabegi, imenirudisha kwenye siku moja ya ujana wangu.

Nilikuwa napaka mafuta mashine katika meli ya mizigo ya jeshi la majini, kule Ziwa Tanganyika, wakati wa vita. Tulikuwa tukipeleka unga na risasi Moba, tukirudi Kalemie bila shehena. Siku hiyo tuliamriwa turudi na samani za maofisa: vitanda, makochi, friji. Tulipomaliza kupakia, gati lilikuwa limejaa akina mama na watoto, na milio ya bunduki inasikika nyuma ya mji.

Kapiteni wetu, mtu wa maneno machache, aliwatazama, kisha akatuambia tushushe kila kitu. Mimi niliogopa. Nikamwambia, "Kapiteni, watatufunga."

"Watanifunga mimi," akasema. "Wewe rudi kwenye mashine."

Tukaacha vitanda gatini, tukapakia watu. Tulipofika Kalemie, kapiteni hakungoja kushtakiwa. Alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akaeleza alichofanya na kwa nini. Wakamfunga, meli akapewa mwingine. Vita vilipoisha ikabeba saruji na samaki wakavu mpaka ikachakaa, wakaikata wakauza vyuma. Yeye alipotoka akawa fundi baiskeli. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema meli anaikumbuka kila siku, lakini wale watu angewapakia tena.

Sasa umeniuliza kama utumie bakkie, hiyo pikapu ya bosi wako, kuwatoa majirani kabla hao wanaovunja maduka yetu sisi wageni hawajafika mtaani kwenu. Watoe, mwanangu. Shusha mizigo ya bosi mahali salama, uwalete hapa kwangu Turffontein. Kanisani kuna nafasi. Kisha mpigie bosi simu wewe mwenyewe, leo hii, asisikie kwa mtu mwingine. Usimwambie gari liliharibika. Mwambie uliwabeba kina nani. Huenda akakufukuza kazi, hilo sikufichi. Akikufukuza, njoo kwangu; cherehani ya pili haina mtu, na kushona utajifunza.

Mungu akutangulie barabarani, taa zote za robot zikuwakie kijani, ufike hapa na kila mtu uliyempakia.