Mjamzito wa Filamu ya Serikali

Jua la Malinya lilikuwa kali hata mbuzi wamekimbilia kivulini, na Navalayo amejifunga koti la sufu mpaka kidevuni. Ati baridi! Nani angeamini? Lakini mimba ya miezi saba haifichiki kwa gauni, na mwaka huo wa 1994 Navalayo alikuwa radhi aivie ndani ya koti kuliko afutwe kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitengo cha filamu cha serikali: kutia maneno ya Kiluhya kwenye filamu za afya, na kubeba vyombo vikikosa mbebaji. Miaka sita alikuwa kibarua. Kila miezi mitatu aliachishwa kazi kwa siku moja, akaandikwa upya, ili asije akaitwa mwajiriwa wa kudumu akadai likizo. Mwenzake Lynette alienda kujifungua, akarudi akakuta jina la mtu mwingine kwenye rejista. Hata pole hakuambiwa. Tangu hapo Navalayo aliishi kwa hofu, akiogopa hata kushika kiuno mbele za watu.

Siku hiyo walikuwa zahanatini kutengeneza filamu ya kuwafundisha akina mama wajawazito kupumzika. Eti kupumzika! Yeye asubuhi amebeba masanduku mawili kutoka barabarani, mgongo unamwaka moto.

"Mjamzito wetu yuko wapi?" aliuliza Bwana Masinde, ofisa wa filamu.

Nesi Rosebella alicheka. "Yule? Amejifungua alfajiri! Na wengine wanakujanga siku ya kliniki, na hiyo ni kesho."

Masinde alishika kichwa. Ilikuwa saa nane, na wapiga picha wa Nairobi walikuwa wanaondoka saa kumi. "Wakubwa nitawaambia nini? Nitafutieni hata mmoja!"

Navalayo aliinama akajifanya anapanga nyaya. Nesi alimtazama, akalitazama lile koti, akasema bila ubaya wowote, "Na huyu wenu je?"

Masinde alimkaribia Navalayo, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mama Simiyu, ni kweli?"

Navalayo aliitikia kwa kichwa. Alidhani atafokewa, kumbe uso wa Masinde ulichanua.

"Mungu ni mkubwa! Vua koti, usimame pale penye mwanga."

Vidole vya Navalayo vilishika kifungo cha kwanza, vikaganda. Leo ananihitaji, aliwaza. Kesho je? Kesho mimi ni Lynette wa pili. Mdomo ulishatangulia.

"Mzee, niandikie kwanza. Likizo ya miezi miwili, na nikirudi nikute kazi yangu."

"Kibarua hana likizo! Hujui?"

"Basi mjamzito hayuko."

Wapiga picha walianza kunung'unika. Masinde alichana karatasi daftarini, akaandika kwa hasira, akatia sahihi. Navalayo aliisoma mara mbili.

"Haina muhuri, mzee."

"Muhuri uko ofisini mjini! Kwenda na kurudi ni saa nzima!"

"Nitangoja."

Masinde alitazama saa yake, akamtazama Navalayo, kisha akamwita dereva akaulete muhuri. Navalayo akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.