Harusi Yangu na Gari la Kijani

Mume wangu nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Siku zile, katika nyumba za Waislamu wa Bondeni, msichana aliyeposwa hakuketi barazani na mchumba wake. Alikaa ndani, nyuma ya pazia, akichambua mchele, na mimi mchele wangu niliuchambua mpaka ukawa hauna tena la kuchambuliwa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapo Nakuru. Mchumba wangu alikuwa makanika katika gereji ya Mhindi mmoja mjini. Kila jioni akitoka kazini alipita kwetu kumwamkia baba, mikono ameisugua kwa sabuni na bado inanuka petroli, na harufu hiyo ilinifikia kabla ya salamu.

Nilitegemea nitasikia akinizungumzia. Nilisikia hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Njema, baba. Limepakiwa melini."

Baba hakuuliza ni kitu gani kilichopakiwa. Mtaa mzima ulijua. Mzungu mmoja mwenye shamba la pareto upande wa Subukia alikuwa ameagiza gari la mashindano kutoka Ulaya, na gereji ile ndiyo iliyopewa kazi ya kulipokea na kulitunza. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake, na Nakuru ilizoea magari ya shamba: malori ya mahindi, pikapu zenye mikebe ya maziwa, mabasi yaliyopanda mlima yakilia kama wagonjwa. Hili, kwa maelezo ya mchumba wangu, lilikuwa na viti viwili tu, halikuwa na paa la chuma, na injini yake ilikuwa kubwa kupita mwili wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona katika picha moja ya gazeti iliyobandikwa ukutani gerejini, basi.

"Linabeba nini?" baba aliuliza.

"Halibebi kitu, baba. Linakimbia."

"Linakimbia kwenda wapi?"

"Popote, baba. Hata kurudi."

Baba alicheka kwa dharau, lakini hakumwambia anyamaze.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na mengi aliyoyasema sikuyaelewa. Tena sikuyapenda magari hata kidogo, sioni haja ya kusema vingine sasa kwa kuwa hayupo. Nilipenda jinsi sauti yake ilivyopanda alipofika kwenye kabureta. Nilikuwa nimewahi kuposwa na mwenye duka la nyama wa Gilgil, mtu mzima aliyekwisha oa mara mbili, na huyo alipokuja aliongea habari za mafuta ya ng'ombe kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nilijua tofauti.

Jumapili makanika wale walikuwa na mchezo wao. Walikaa kando ya barabara ya Nairobi wakiipa mgongo, na kila gari likipita lazima useme ni la aina gani kwa kulisikia tu. Ukikosea unapewa jina la mnyama mpaka wiki ijayo. Mchumba wangu hakuwahi kuitwa mnyama yeyote, na baba alilijua hilo, kwa sababu, kama nilivyogundua baadaye, baba naye alianza kupitia huko akitoka kupeleka nguo za watu. Alirudi mara moja amenuna. Mama akamuuliza ana nini.

"Wameniita punda," akasema. "Nani angejua kama lile ni basi?"

Sasa ikatokea kazi. Vumbi la Nakuru mnalijua, jeupe, jepesi, linaingia hata ndani ya yai. Mwenye gereji alitaka turubai la kulifunika gari tangu linaposhuka kwenye behewa, na mchumba wangu akampendekeza baba. Baba akaletewa kamba zenye mafundo: hii urefu, hii upana, hii kimo. Baba akaishika ile ya kimo, akaisimamisha sakafuni. Ilimfika kiunoni.

"Hiki ni kimo cha gari au cha kitanda?"

"Cha gari, baba."

"Dereva analala?"

"Anaketi, baba, miguu mbele. Kama mtu anayeota moto."

Baba alikuwa fundi anayeaminika mji mzima, na alikuwa na mazoea ambayo mafundi wote wa zamani walikuwa nayo: kipimo cha mteja alikiheshimu, lakini akikiona cha ajabu alikirekebisha kimya kimya, kwa kuwa mteja hujikosea mwenyewe, hasa mteja mnene. Basi usiku ule ule akakata turubai, na mimi nilimwona kwa macho yangu akiongeza mkono mzima wa kitambaa kwenye kimo.

"Umeongeza," mama akamwambia.

"Nimeongeza kidogo. Mhindi amekosea. Hakuna gari la hivyo duniani."

Turubai likashonwa, likapelekwa. Harusi ikapangwa: ndoa ifungwe Ijumaa baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwetu. Gari lilikuwa lifike Jumatano. Kisha treni ya mizigo ikacheleweshwa huko chini, upande wa pwani, na Alhamisi jioni mchumba wangu akaja barazani na sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Baba, nina ombi. Linafika kesho. Mchana."

"Kesho unaoa."

"Ndiyo, baba. Nilikuwa nafikiri, kama ingewezekana, Jumamosi..."

Nikasikia kikombe cha kahawa kimewekwa chini. Baba alisema taratibu, na baba akisema taratibu alikuwa amemaliza. Alisema shehe amealikwa, wali unapikwa, jamaa wametoka Naivasha na Molo. Alisema kama bwana harusi hayupo barazani wakati shehe anakaa, basi neno limevunjika, na yule wa Gilgil bado hajaoa tena. Mchumba wangu akainuka. Kisha akasema, "Nitakuwepo, baba," akaondoka bila kuaga vizuri.

Usiku ule sikulala. Nilimjua mtu yule. Nilijua hakuwa akisema uongo, na nilijua pia alikuwa amelisubiri gari lile tangu kabla ya kunisubiri mimi.

Ijumaa nikapakwa hina, nikavishwa, nikakalishwa juu ya mkeka chumbani. Kwenye pazia palikuwa na tundu, na kwa tundu hilo nikamwona akiingia barazani mapema kuliko wageni wote, kanzu nyeupe, kofia mpya, uso kama wa mtu aliyepeleka ndugu hospitali. Akakaa. Shehe akaja akakaa. Wazee wakajaa, udi ukafukizwa. Nikashukuru Mungu.

Shehe akatazama kulia na kushoto. "Baba wa binti yuko wapi?"

Bila baba hakuna wa kuniozesha. Hata shehe hawezi kufunga ndoa wakati baba mtu yu hai, yuko mjini, na hakumwachia mtu yeyote idhini.

"Anatawadha," mama akasema kutoka ndani.

"Anatawadha tangu sala ya mchana?" shehe akauliza. "Anatawadha ziwani?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona kwamba sindano kubwa ya baba ya kushonea turubai haipo mahali pake. Jirani yetu mmoja akatumwa mbio. Alirudi akihema, akasimama mlangoni hajui amtazame nani.

"Mzee yuko stesheni."

"Anafanya nini?"

"Amepiga magoti kando ya gari. Anapunguza turubai. Anasema haondoki mpaka likae sawa, watu wasije wakasema limeshonwa na punda."

Baraza zima likavunjika mbavu. Bwana harusi peke yake ndiye ambaye hakucheka. Akasimama.

"Shehe, niruhusu nikamlete. Mimi najua njia ya kuingilia kule kwenye mabehewa."

"Keti hapo hapo!" mama akapiga kelele hata akasahau kuwa kuna wanaume. "Wewe ukifika stesheni leo, mtarudi wawili kesho kutwa!"

Nilimtazama kwa lile tundu. Alikuwa na sababu halali ya kwenda, na hapana mtu angeweza kumlaumu. Alisimama akitazama mlango. Kisha akageuka, akatazama pazia, mahali pale pale nilipokuwa, ingawa najua hakuniona. Akaketi. Akaikunja miguu chini yake, akaishika kanzu yake magotini kwa vidole vyote.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Wali ulianza kushika chunguni.

Halafu tukalisikia. Lilitoka upande wa mjini, sauti nene iliyokatikakatika, kama mtu anayepasua kitambaa kizito kipande kwa kipande. Watoto wakatoka mbio. Wazee, ambao walikuwa wamesema hilo gari ni upuuzi, wakanyanyuka mmoja mmoja wakijifanya wananyoosha miguu. Shehe mwenyewe alirefusha shingo. Gari la kijani, fupi mpaka unaona aibu kwa niaba yake, likasimama mbele ya nyumba yetu. Usukani ulishikwa na Mhindi mwenye gereji, na kando yake alikaa baba yangu, hana kofia, nyusi nyeupe kwa vumbi, turubai limelala mapajani.

"Fundi, shuka upesi!" Mhindi akasema. "Mimi naacha injini, nikizima haiwaki tena."

Baba akajaribu kushuka kama mtu anavyoshuka kwenye basi, akakuta ardhi iko karibu mno, akakaa chini vumbini. Akainuka akicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake mbele za watu.

"Ni kweli linafika kiunoni!" akawaambia wageni. "Kiunoni kabisa!"

Bwana harusi alikuwa ameketi na mgongo kwa mlango. Hakugeuka. Baba akaketi mbele yake na vumbi lake lote, akampa mkono, na shehe akaanza. Injini ilikuwa ikinguruma nje, na shehe akalazimika kuinua sauti kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Baba akasema maneno yake. Ikafika zamu ya mchumba wangu, na akajibu kwa nguvu mpaka wanawake wa nyumba ya pili wakapiga vigelegele.

"Nimekubali!"

Mhindi naye hakuweza kungoja zaidi. Gari likaondoka. Nilisikia linavyopanda kuelekea mjini, na kwa lile tundu nilimwona mume wangu amefumba macho mpaka likapotea. Hakuwa ameliona hata ubavu.

Eda yangu ya kufiwa naye ilikwisha kabla ya mvua hizi. Watu wanasema nimetulia, na ni kweli; tulikaa pamoja muda mrefu, na sina la kudai. Alilihudumia gari lile miaka kadhaa, akalijua ndani na nje, na mara moja alinipitisha nalo njia ya Kabazi, nikarudi nywele zangu zote zimesimama. Lakini nikimkumbuka siyo huko ninakoenda.

Siku ile, baada ya ndoa, akaletwa chumbani, kama desturi, kuniwekea mkono kichwani na kuniombea. Mama alikuwa nje ya mlango, shangazi zangu wako nyuma yake. Akamaliza dua. Harufu ya petroli ilikuwepo chini ya udi. Nikangoja neno lake la kwanza kwangu.

"Umelisikia?" akaninong'oneza.

"Nimelisikia," nikasema. "Lina kikohozi."

Sikuwa najua chochote cha injini. Nilisema nilichokisikia. Aliinama akanitazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yetu, akaangua kicheko kikubwa, hata mama akagonga mlango kuuliza kuna nini huko ndani.