Kwenye Televisheni ya Mama Furaha

Hii habari nimeikalia muda mrefu, ndugu zangu, na ningeendelea kuikalia kama si kwamba mtaa wetu mzima wa Buyenzi wanaijua tayari na kila mmoja anaisimulia anavyotaka. Afadhali muipate kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, maana wengine wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu).

Mimi ni fundi wa friji. Nalisema mapema kwa sababu kiburi changu kilianzia hapo. Mtu akishazoea kurudisha baridi kwenye friji iliyokufa anaanza kudhani kila chenye waya kinamtii, na kisicho na waya pia. Basi kaka yangu Swedi, aliyeko Kanada, aliponiambia kwamba kuna watu wanakuja kumposa binti yake Zuena na yeye hawezi kupata ruhusa kazini asafiri, nikamjibu papo hapo: usijali, mimi nitakuwa msemaji wa familia, na wewe nitakuweka kwenye televisheni, wageni wakuone uso mzima ukisema ndiyo. Zuena nimemlea mimi, tangu baba yake aondoke. Siku ile hakuwa na haja ya maua wala nguo, alitaka kitu kimoja tu, baba yake aonekane mbele ya wakwe akimtoa kwa mdomo wake. Alinishika mkono akaniambia, "Tonton, usiniangushe." Tonton ndiyo mimi, baba yake mdogo. Nikacheka, nikamwambia anamjua anayeongea naye?

Asubuhi ya siku yenyewe mke wangu, Mama Shamsa, akaniletea waya wa kuunganisha simu na televisheni, ameuazima kwa ndugu yake wa Musaga. "Idi, tumia hii waya tu, mambo iishe." Nikaukataa. Nilisema waya utalala sakafuni, wazee wataukanyaga, sebule itafanana na karakana, na siku hizi picha inarushwa hewani, nani bado anafunga waya? Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, dogo hivyo, na nililifanya nikiwa nimeshiba chai.

Sasa niwaeleze tunavyokaa. Kiwanja chetu kina nyumba mbili zinazogusana ukuta. Moja yetu, nyingine ya Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mcha Mungu, mwimbaji wa kwaya, jirani ambaye sina baya la kusema juu yake. Waifai tunatumia moja kwa nyumba zote mbili. Televisheni nazo tulinunua siku moja, duka moja, aina moja, kwa sababu aliniomba mimi fundi nimchagulie, na mimi nikachagua mbili zinazofanana kama mapacha.

Na kwetu wageni wa posa hawaingii moja kwa moja kwa kina binti. Wanawekwa kwanza pembeni, kwa jirani, wanapewa fanta, wanasubiri mpaka msemaji wa upande wa binti atume mtu kuwaita, na hawanyanyuki pale walipowekwa kabla ya kuitwa, hata kama jua linazama. Wetu tuliwaweka kwa Mama Furaha, mara tu baada ya sala ya alasiri. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwetu, anasaidia pilau, kwa hiyo kule ndani walikuwa wageni watupu.

Nikatoa simu, nikaiambia itafute televisheni. Ikaleta majina mawili yanayofanana herufi kwa herufi. Nikasema simu hii imezeeka, inaona kitu kimoja mara mbili (hilo nilisema kwa sauti, mke wangu ni shahidi), nikabonyeza la juu. Ikazunguka kidogo, ikaandika kwamba imeunganishwa. Nikanyanyua macho, televisheni yetu bluu tupu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikachomoa plagi, nikahesabu mpaka thelathini kama ninavyofanya na friji, nikarudisha. Bluu. Nikafungua picha za harusi ya mtu, nikafungua video ya mbuzi, nikaongeza sauti mpaka mwisho, hakuna kitu, ila mbuzi alilia mahali fulani nje nikadhani ni wa mtaani. Lakini simu ilisisitiza kwamba imeunganishwa, na fundi ana akili ya namna moja, kama huyu anasema yuko sawa basi mbovu ni yule. Nikaamua televisheni ipate joto kwanza, Swedi akipiga itashika yenyewe.

Nikakaa kwenye kiti, simu mkononi, nikafungua hotuba yangu. Hapa lazima niungame jambo: nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba mimi nasema kutoka moyoni, siandiki. Nilikuwa nimeandika. Na nilikuwa nimejiandikia hata vituo, kwenye mabano: hapa nyamaza, tazama juu. Hapa sauti itetemeke. Hapa toa kitambaa, futa jicho la kulia. Niliipitia mara tatu, polepole, kwa kidole.

Na haikuishia hapo. Kwa kuwa nilikuwa na muda na ulimi unawasha, nikamwandikia mke wangu jikoni (hatua kumi tu, lakini mwenye simu hatembei). Bwana harusi, Hamza, ni kijana wa Gatumba, kule ambako mafuriko huingia mpaka majumbani. Nikaandika: "Hao watu wa Gatumba usiwatandikie zulia jipya, wasituletee mafuriko ndani." Mke wangu akajibu: "Idi, acha." Sikuacha. Nikaandika: "Wanatafuta mke au wanatafuta nyumba kavu?" Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka, vitatu. Nilicheka peke yangu pale kwenye kiti, na kila nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Nikatuma mtu awaite. Wakaingia, wakavua viatu mlangoni, wakasalimu. Salamu zilikuwa fupi. Mama Hamza, mwanamke mwembamba aliyejitanda buluu, alinipa mkono huku anatazama ukuta, nami nikasema moyoni, heshima hiyo, haya ya mama mkwe. Mzee Radjabu, msemaji wao, aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Nikasimama. Nikasema mimi si mtu wa kuandika, nitasema kutoka moyoni. Dada mmoja wa upande wao akakohoa ndani ya mtandio. Nikaendelea. Nilipofika pa kunyamaza na kutazama juu, nikatazama juu, na niliposhusha macho nikakuta safu nzima ya wageni nayo imetazama juu. Nilipotetemesha sauti mabega yao yalikuwa yanatikisika. Nikasema, nimewagusa hawa! Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, na kabla sijakitoa Mzee Radjabu akaninyooshea chake, amekikunja vizuri, akasema kwa upole kabisa, "Jicho ya kuume, bwana."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilidhani mzee ana huruma.

Ndipo simu ikaita. Swedi. Nikaipokea kwa mbwembwe, nikaielekeza kwenye televisheni yetu ya bluu, na sauti ya kaka yangu ikatoka, kubwa, nzito, lakini haikutoka kwenye televisheni yetu wala kwenye simu. Ilitoka nyuma ya ukuta. Kwa Mama Furaha. "Idi! Wageni wako wapi? Mbona naona dari tu?" Watu wote sebuleni wakageuza vichwa kuelekea ukutani.

Mama Furaha akatoka mbio jikoni, mwiko mkononi. "Yesu wangu! Nani iko kwangu?"

Mzee Radjabu akamjibu badala yangu. "Ni tele yako, mama. Tangu saa ile tuko tunaangalia. Iliuliza tukubali, tukabonyeza ndiyo, tukafikiri ni programu mulitupangia. Kuzima tele ya mutu bila ruhusa tuliona si adabu. Na kutoka tungetoka namna gani, bado hatujaitwa?"

Kila kilichopita kwenye simu yangu kilitokea kule. Video ya mbuzi, wameiona. Hotuba, wameisoma pamoja na mabano. Nikaanza kurudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta funguo alizodondosha, na nilipofika kwenye neno zulia ndipo nikakaa. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limetulia. Zuena alikuwa nyuma yake, anasikia yote.

Mama Hamza hakupandisha sauti. "Mi niko na neno moja, baba. Maji iliingia kwetu tukiwa tunakula. Nilitoka na masufuria mbili na kanzu ya marehemu bwana yangu juu ya kichwa. Viatu sikupata. Nilikaa mwaka navaa ya watu. Hizi za leo nilinunua juu ya kuja kwenu. Ziko kwa mulango. Enda uziguse, uone kama ziko na maji."

Hotuba yangu haikuwa na mabano ya hapo. Mimi, msemaji wa familia.

"Huyu sitamusikiliza tena," akamwambia Mzee Radjabu. "Mi nataka baba ya binti. Kama iko ile nyumba ingine, nitamufuata kule." Akasimama, na wao wote wakasimama.

Mnaelewa maana yake? Kwetu binti anafuatwa, hafuati. Na siku ile ukoo wetu mzima, wazee, mashangazi, Zuena mwenyewe na hina yake mikononi, tulitoka nyumbani kwetu tukavuka ua kuwafuata wenye kuposa kwenye sebule ya jirani, watu wa barabarani wanachungulia getini. Mimi nilibaki nyuma. Mama Hamza alikuwa amevuka miguu mitupu, na viatu vyake vilikuwa pale mlangoni, vyeusi, kibandiko cha duka bado kiko chini ya soli. Niliviokota nikambebea. Vilikuwa vikavu, bila shaka vilikuwa vikavu.

Kule ndani Swedi alijaa kwenye kioo, chini ya picha ya Bikira Maria ya Mama Furaha. Walinikalisha kwenye kigoda, nikaambiwa nishike simu wima na nisitingishike. Ndiyo kazi niliyobaki nayo. Kaka aliomba radhi kwa niaba yangu, Mama Hamza akajibu kwamba amekuja kwa ajili ya binti, si kwa ajili ya baba mdogo. Swedi akasema ndiyo. Zuena alilia, na mimi nililia, macho yote mawili, na kitambaa sikuweza kukitoa, mikono imeshika simu.

Zuena sasa yuko Gatumba na mumewe. Tangu siku ile simu yangu siiandikii neno ambalo siwezi kulisema mbele ya mwenyewe, na mvua ikinyesha kwa nguvu napiga, kwa sauti, kumuuliza Mama Hamza maji yamefika wapi. "Bado iko mbali," ananijibu, na kila mara anaongeza swali lake lile lile: "Na ile zulia, muliitandika?" Namwambia ndiyo, mama, tulilitandika jioni ile ile. Lipo sebuleni mpaka leo. Yeye bado hajaja kulikanyaga.