Lenzi Niliyoianika Kariakoo

Niliondoka Utete kwa sababu hadubini ya zahanati yetu ilikuwa imepofuka. Vioo viwili vya lenzi yake, vilivyogundishwa pamoja kiwandani, viliachana, na kila tone la damu nililochungulia likawa ukungu mtupu. Wiki tatu nilitibu homa kwa kukisia. Mama mmoja akaniambia usoni, "Daktari, kukisia hata mimi naweza." Kesho yake nikaifunga lenzi kwenye leso, nikapanda basi.

Njiani tulikwama kwenye tope mara mbili. Abiria wote tulishuka kusukuma. Mimi nilisukuma kwa mgongo, maana mikono ilikuwa imeshika leso.

Kariakoo nilifika asubuhi, nikaelekezwa kwa Mzee Tamimu, fundi miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete."

Akatoa chupa iliyoviringishwa kitambaa cheusi. Ndani yake mlikuwa na gundi angavu kama maji, aliyopewa na fundi mmoja wa meli. "Hii haikaushwi na moto wala upepo," alisema. "Ni jua tu. Likiigusa, inageuka kioo." Akadondosha tone, akavibana vioo viwili kwa koleo, akanikabidhi. "Mikono yangu inatetemeka. Simama juani, usitikisike. Vikiteleza, basi tena."

Saa nne nilikuwa nje, nimeuelekea ukuta wa duka la ushirika. Ilikuwa masika, miaka ile ya uhaba wa bidhaa. Jua lilitoboa mawingu mahali padogo kama mkeka, nalo likawa linahama. Nikahama nalo. Nyuma yangu akasimama mama mwenye kikapu, na nyuma yake watu wawili.

"Leo kuna nini?" mmoja aliuliza.

"Sukari, nasikia."

"Hakuna kinachogawiwa," nilisema bila kugeuka. "Naanika kioo."

"Kumbe hata vioo vipo!"

Saa sita foleni ilikuwa imekata kona. Jua likisogea hatua mbili, foleni nzima inasogea hatua mbili. Balozi wa nyumba kumi akaja na daftari.

"Ndugu, nani kakuweka wa kwanza?"

"Jua, ndugu balozi."

Akaandika.

Saa nane Mzee Tamimu aliigonga lenzi kwa ukucha. "Imeshika." Nikaondoka, lakini hakuna mwingine aliyeondoka. Meneja wa duka, kwa kuona foleni ile na balozi mwenye daftari, aliamini kuna agizo lililompita, akapiga simu. Kabla ya magharibi lori la sukari likafika. Mimi sikupata hata punje, kwa kuwa nilishatoka kwenye foleni.

Wakati wa kurudi, homa ilinipanda ndani ya basi. Utete niliingia natetemeka, nikaenda moja kwa moja zahanati, nikairudisha lenzi kwenye hadubini, nikajitoboa kidole. Chini ya lenzi vijidudu vilionekana kimoja kimoja, vizuri kama vipete. Safari ile ilinifundisha raha ambayo sikuwahi kuijua, raha ya kuumwa kwa uhakika.

Mke wangu alinikuta nacheka peke yangu.

"Una nini?"

"Malaria!" nilimwambia. "Malaria yenyewe hasa!"

"Basi meza dawa," alisema, "ndipo ucheke."